Fasi yenyewe ni wapi? Kuandika mahali pa kale Katanga

Niliwahi kukaa mbele ya jedwali la maeneo ya kale ya Katanga, lililokusanywa kutoka vitabuni, kwenye kadi za zamani na katika madaftari ya watafiti. Nilipolipeleka kwenye ramani, tanuru moja la kuyeyushia shaba lilitokea katikati ya bahari ya Atlantiki, magharibi ya pwani ya Namibia. Tarakimu za latitudo na za longitudo zilikuwa zimebadilishana safu, alama ya kutoa ikabaki palepale ilipokuwa. Tanuru jingine lilikuwa Sudan, upande wa Kordofan, kwa sababu alama ya kutoa ilidondoka mbele ya 11 na kusini ikageuka kaskazini. Makosa hayo niliyasahihisha kwa dakika chache. Nukta iliyo baharini inajitangaza yenyewe. Zilizoninyima usingizi ni zile zilizokaa vizuri, ndani ya mkoa sahihi, kando ya mto, zikiwa na sura ya ukweli, na hapakuwa na mtu wa kuniambia zilitoka wapi.

Tangu siku hiyo nimeshikilia jambo moja, na kila ninapokutana na wenzangu Lubumbashi tunaozungumzia hifadhidata za akiolojia ninalirudia: namba za mahali ni ushuhuda. Shahidi akisimama mbele ya wazee huulizwa kama alikuwepo, aliona kwa macho au alisikia, alisimama umbali gani, na ilikuwa lini. Nukta nayo iulizwe hivyohivyo. Hifadhidata nyingi nilizoziona zina safu mbili tu, ya latitudo na ya longitudo, kisha zinaamini chochote kilichoandikwa humo.

Chukua mfano wa kawaida kabisa. Mtafiti wa zamani aliandika kwamba alikuta vigae na mavi ya chuma (taka ngumu inayobaki baada ya kuyeyusha) "karibu na kijito, kusini ya barabara". Miaka baadaye mtu mwingine anafungua ramani ya karatasi ya kipimo cha 1/200 000, anaweka kidole pale anapodhani ndipo, anasoma digrii 9 na dakika 35 kusini, anaandika. Kompyuta inageuza: -9.583333. Tarakimu sita baada ya nukta. Sasa tupige hesabu. Digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111. Tarakimu ya pili baada ya nukta ni kama kilomita moja, ya nne ni kama mita 11, ya sita ni sentimita 11. Kwenye ramani ile, ncha ya kidole yenye upana wa sentimita moja inafunika kilomita mbili. Kwa hiyo mtu aliyejua jambo kwa kiwango cha kilomita mbili ameandikwa kana kwamba alipima kwa rula. Hakudanganya. Jedwali ndilo lililomdanganyia wasomaji wake, maana halikumpa nafasi ya kusema: sina hakika.

Kuna kosa jingine ambalo hapa kwetu linazaliwa kila siku. Daftari linasema digrii 11 dakika 40. Anayenakili anaandika 11.40. Lakini dakika 40 ni theluthi mbili za digrii, kwa hiyo namba sahihi ni 11.667, na tofauti kati ya hizo mbili ni karibu kilomita 30. Ni kama kutoka mjini Lubumbashi mpaka Kipushi. Nukta bado inabaki Haut-Katanga, bado iko kwenye miombo, hakuna anayeshtuka. Ongeza na desturi yetu ya kuandika kwa Kifaransa, ambako desimali hutenganishwa kwa koma. Kompyuta ya mwenzetu wa Zambia inatumia nukta. Jedwali linatumwa kwa barua pepe, koma zinageuka mipaka ya safu, na -11,66 inakuwa vitu viwili, -11 katika safu moja na 66 katika safu inayofuata. Nimeona kazi ya msimu mzima ikiharibika hivyo, na aliyeiharibu alikuwa mtu makini.

Na tuseme namba zimenakiliwa bila kosa hata moja. Bado kuna swali la datumu, yaani umbo la dunia ambalo mpimaji alilitumia kama msingi wa vipimo vyake. Ramani za zamani za eneo letu zilijengwa juu ya misingi kama Arc 1950 na Katanga 1955, wakati simu iliyo mfukoni mwako leo inatumia WGS 84. Namba zilezile, zikisomwa katika msingi mmoja au mwingine, zinaangukia sehemu mbili zilizoachana karibu mita 200. Kwa dereva wa lori mita 200 si kitu. Kwa anayetafuta kaburi lenye urefu wa mita mbili, au msingi wa tanuru unaoweza kuukumbatia kwa mikono, mita 200 ni kulikosa kabisa na kurudi nyumbani ukisema limepotea. Hata vipimo vya GPS vinahitaji kuulizwa umri wao: mpaka Mei 2000 Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi ishara iliyotolewa kwa raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Kipimo cha 1996 na kipimo cha 2016 kinaweza kufanana kwa kila tarakimu ya sura yake, huku kimoja kikistahili kuaminiwa mara nyingi zaidi ya kingine. Bila safu ya tarehe na safu ya chombo, hutajua ni kipi.

Wengine hunijibu kwamba majina ya mahali yanatosha kutuokoa. Laiti. Mji wetu uliitwa Élisabethville mpaka 1966. Likasi ilikuwa Jadotville. Mkoa wenyewe uliitwa Shaba kuanzia 1971 mpaka 1997, na 2015 uligawanywa ukawa mikoa minne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Vijiji ndivyo vigumu zaidi, kwa sababu vingi huitwa kwa jina la chifu, na kijiji kikihama jina huhama nacho. Wakoloni walivihamisha vijiji vingi ili vikae kando ya barabara. Anayesoma leo kwamba kitu kilipatikana "kwa chifu fulani" kabla ya vita vya pili vya dunia, kisha akachukua namba za kijiji chenye jina hilo kwenye ramani ya satelaiti, huenda anapima mahali ambapo watu wale hawakuwa wamefika bado.

Hata hivyo siwezi kuwafuata wanaosema basi tuache majina, tubaki na namba. Nilikwenda na rafiki yangu mmoja kuangalia mahali palipotajwa kuwa na mabaki ya kuyeyusha shaba, nje ya mji. Mzee aliyetupokea alinyoosha mkono: "Mutoto yangu, fasi yenyewe ni kule, nyuma ya kile kichuguu kikubwa." Anayeijua nchi yetu anajua kwamba kichuguu cha Katanga si kitu cha kudharauliwa, kinaweza kuwa kirefu kuliko nyumba na kina umri kuliko sisi sote. Tulipofika, nusu ya kichuguu kilikuwa kimekwisha kuchimbwa. Wafyatua matofali wanaupenda udongo wa kichuguu, na mji unakua. Mzee alisimama kimya kidogo, kisha akahesabu hatua kutoka kwenye mti wa mupundu uliobaki, akatuonyesha. Mavi ya tanuru yalikuwepo, mazito, yenye rangi ya kijani pale shaba iliposalia ndani.

Tulipima kwa simu, tukasubiri mpaka ikasema mita 5. Lakini kilichotufikisha pale ni maneno ya mzee, na maneno hayo nayo yalistahili kuingia katika kumbukumbu kama yalivyotamkwa: kichuguu, mti, hatua, jina ambalo watu wa hapo wanapaita. Kichuguu kikiisha, namba itabaki. Namba ikiharibika katika kunakiliwa, maneno yataisahihisha. Hifadhidata inayotupa kimojawapo inajikata mkono.

Sasa Sanga. Kwa asiyejua, Sanga iko kando ya ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, ambako mto Lualaba unatanuka ukawa maziwa na matete. Makaburi ya pale yametupa simulizi ndefu kuliko karibu mahali pengine popote katika nchi hii: vyungu vya Kisale, chuma, pembe, kisha vijisalaba vya shaba vilivyoanza kuwekwa pamoja na wafu na baadaye vikawa kama fedha. Jacques Nenquin alichimba mwaka 1957, Jean Hiernaux mwaka uliofuata, Pierre de Maret akarudi 1974. Timu tatu katika miaka 17, kila moja na mashimo yake, michoro yake na namna yake ya kuyapa makaburi namba.

Tafuta Sanga katika hifadhidata ya kawaida utapata nukta moja. Nukta hiyo ni nini? Katikati ya kijiji? Katikati ya makaburi yaliyochimbwa 1957? Mahali gari lilipoegeshwa? Na mwambao wenyewe si mstari uliotulia, maana maji ya bonde hupanda na kushuka kwa majira. Sanga inahitaji eneo lenye mipaka iliyochorwa, ndani yake mashimo ya kila timu, na ndani ya mashimo kila kaburi, kila kimoja na kiwango chake cha hakika. Kaburi la 1974 huenda unaweza kuliweka ndani ya mita chache. Kitu kilichookotwa juu ya ardhi kabla ya hapo unajua tu kwamba kilitoka upande ule. Kuviweka vyote kwenye nukta moja ni kuifuta kazi ya waliopima vizuri ili ifanane na ya wasiopima.

Na haya si masuala ya watu wa meza pekee. Mwaka 2021 ulitolewa utafiti uliokusanya tarehe 1149 za radiokaboni, yaani umri unaopimwa kwa kaboni yenye mionzi iliyosalia ndani ya vitu kama makaa, kutoka maeneo 726 ya msitu wa Kongo, ukionyesha kwamba kati ya karne ya 5 na ya 6 shughuli za binadamu zilipungua mno katika eneo kubwa. Hoja ya ukubwa huo inasimama juu ya mambo mawili, lini na wapi. Kwa upande wa lini, maabara hutoa kila tarehe pamoja na kiasi cha shaka yake. Hakuna mwanaakiolojia anayekubali tarehe ya radiokaboni isiyo na "jumlisha au toa". Kwa nini basi tunaikubali namba ya mahali isiyo nayo? Wenzetu wa biolojia walikwisha jifunza. Wanapoandika mahali ndege alipoonekana, wanaweka pia umbali wa shaka kwa mita. Ni safu moja tu ya ziada.

Nafika kwenye jambo linalowagawa watu zaidi: nani aone namba hizi? Kuna hofu ya kweli. Katika bonde la ndani la Niger, huko Mali, sanamu za udongo zilichimbwa usiku na mchana na kuuzwa kwa wakusanyaji wa ng'ambo mpaka maeneo mengi yakabaki mashimo. Ukiweka makaburi ya Upemba kwenye intaneti kwa usahihi wa mita 5 unamchorea mwizi njia. Ndiyo maana Marekani, hifadhidata ya DINAA huonyesha maeneo yake kwa miraba ya takriban kilomita 20 tu, na namba kamili zinabaki kwa taasisi zinazohusika.

Sisi hatuhitaji kuazima wazo hili. Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa kushika mkononi uliopambwa kwa shanga, kauri na michongo. Mtu wa chama cha Mbudye alipitisha vidole juu yake akasoma wafalme, safari zao, maziwa na miti mitakatifu, makao ya waliotangulia. Ubao uliweza kuonekana na macho ya yeyote. Kuusoma kulihitaji kupanda daraja. Ulikuwa na habari za mahali, na ulikuwa na utaratibu wa nani anastahili kuambiwa nini. Anayejenga hifadhidata ya Katanga leo bila ngazi za ruhusa anajua kidogo kuliko mabwana hao.

Lakini hapa Katanga ninamwogopa zaidi mwenye tingatinga kuliko mwizi wa sanamu. Kibali cha madini katika nchi yetu hupimwa kwa miraba, kila mraba sekunde 30 kwa sekunde 30, takriban hekta 85, na kila kona yake ina namba kamili katika daftari la vibali. Mwekezaji anajua mipaka yake. Tanuru la kale ndani ya mipaka hiyo linajulikana kwa maneno tu, "nyuma ya kichuguu". Sheria ya madini ya 2002 inamtaka mwenye kibali anayekuta dalili za kiakiolojia asivihamishe vitu na atoe taarifa kwa mamlaka ya utamaduni. Vizuri, lakini dereva wa tingatinga atatambuaje mavi ya shaba ya karne ya 4 kati ya mawe ya kijani yaliyojaa kila mahali? Fikirieni Naviundu. Kila mtu wa Lubumbashi analijua jina hilo kwa sababu ya mto na mtaa. Hapo ndipo zilipopatikana dalili za kufanya kazi ya shaba katika karne ya 4, miongoni mwa za kale kabisa katika ukanda wote wa shaba. Mji umekua juu yake.

Kuficha kila kitu, kwa hiyo, ni kuliachia tingatinga. Pendekezo langu ni hili, na nimelifikiria muda mrefu: kwa umma, tutumie mraba uleule wa madini. Hifadhidata iseme tu kwamba katika mraba huu kuna mahali pa kale pa aina fulani. Mwizi akipewa hekta 85 za miombo ana kazi ya kutosha. Ofisa anayepitia ombi la kibali, kwa upande wake, anaona mara moja kwamba mraba unaoombwa una jambo, bila kugeuza namba wala kuuliza datumu, kwa lugha anayoitumia kila siku ofisini kwake. Akihitaji zaidi, aombe, na ombi lake liandikwe. Kwa makaburi ningekwenda mbali zaidi, nikaonyesha kundi la miraba kadhaa badala ya mmoja, na kabla ya kuandika chochote ningekwenda kuwauliza watu ambao wafu ni wao.

Namba kamili zikae wapi? Hapa nitasema bila kuzunguka. Sehemu kubwa ya vitu na nyaraka za Kongo iko katika makumbusho ya Afrika huko Tervuren, Ubelgiji. Watafiti wa huko wamefanya kazi ya kweli. Hifadhidata ya wazi ya aDRAC, inayokusanya tarehe za radiokaboni za Afrika ya Kati, ni zawadi ambayo mwanafunzi wa hapa anaweza kuipakua bure. Lakini daftari la uchimbaji wa Upemba likisomeka Ulaya na lisisomeke Lubumbashi, anayelinda mahali penyewe anabaki kipofu. Kila nakala ya dijitali inayotengenezwa huko iwe na pacha wake katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi na katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ikiwa na namba kamili, si zile zilizofifishwa kwa ajili ya umma. Kufifisha kuna maana pale tu ambapo mtu mwenye haki ya kuona picha kamili yuko karibu na mahali panapohusika.

Najua hoja ya fedha na ya umeme. Umeme hukatika, intaneti ni ghali. Lakini ninayoyasema hayahitaji mashine mpya. Mwanafunzi mwenye simu na programu ya bure anaweza kurekodi nukta, chombo, tarehe, usahihi, na sauti ya mzee akieleza njia. Kwa rekodi za zamani kinachohitajika ni safu chache za ziada: namba kama ilivyoandikwa awali, kabla ya kugeuzwa, msingi wake, nani aliigeuza na lini, imetoka kwenye kipimo, kwenye ramani au kwenye maelezo ya maneno, na shaka yake kwa mita. Namba ya awali isifutwe kamwe, hata ikiwa ni makosa matupu. Atakayekuja baada yetu huenda akaona katika kosa lile jambo ambalo sisi hatukuliona.

Jedwali lile nililoanza nalo nililirudia baadaye. Nilichukua zile nukta nzuri zisizo na asili, moja baada ya nyingine, nikazitafutia vyanzo vyake. Zile zilizotokana na kipimo zilibaki nukta. Zile zilizotoka kwenye kidole juu ya ramani zilipata duara la kilomita mbili. Zile za "kwa chifu fulani" zilipata duara la kilomita 10, na mbili sikuzipa duara lolote, nikaandika kwamba mahali hapajulikani. Ramani ikawa ngumu kutazama, maduara yamepandana, mengine yanagusa vibali vitatu vya madini kwa pamoja. Nikamtumia yule rafiki yangu. Alinipigia simu jioni ile ile kuniuliza duara kubwa la upande wa Kipushi lilitokana na daftari gani, kwa sababu anamfahamu mzee mmoja kule, na Jumamosi ana nafasi.